Mabepari wa Venisi: Mwalimu hakukosea

Mkuu umeuliza kama Mwalimu Nyerere alikosea au alikuwa anatania tu alivyoitafsiri The Merchant of Venice ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi, wakati merchant ni mfanyabiashara. Hakukosea hata kidogo, na hiki kitabu nakipenda sana ngoja nikueleze.

Mi nimekulia Kirumba hapa Mwanza, mama alikuwa anauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Siku moja niko nae mjini kwenye duka la vitenge, yeye anabishana bei mimi nimekaa pembeni nasoma hicho kitabu cha shule, mwenye duka mzee wa Kigujarati akaona jalada akaniambia hilo neno ni la kwetu, vepari, maana yake mtu wa biashara basi, halina ubaya. Nilishangaa kwa sababu bepari niliyemjua mimi ni yule mnyonyaji, kupe, wa kukatiwa mirija. Kumbe Kiswahili cha zamani bepari alikuwa mfanyabiashara tu, siasa ndio ikaja kumgeuza.

Sasa angalia mwaka, kitabu kimetoka 1969, Azimio la Arusha ni 1967, yaani Mwalimu anaandika neno analijua pande zote mbili, ukisoma kizamani ni tafsiri sahihi kabisa, ukisoma kwa masikio ya Ujamaa unacheka halafu unajiuliza. Na kuna kitu wengi hawakioni, kwenye jina la kitabu Shakespeare kaandika merchant mmoja, ambaye ni Antonio, Mwalimu kaweka WENGI. Antonio anakopesha bila riba, mla riba ni Shylock, anayetaka ratili ya nyama ya mwili wa mwenzake, lakini jina alilokipa Mwalimu hicho kitabu limewakusanya wote humo humo. Huo ndio utundu wa mtu anayekijua Kiswahili.

Mama nilipomsimulia ile habari ya nyama wala hakushtuka, akasema huyo si ndio tajiri. Kwa wavuvi wetu tajiri ni mwenye mtumbwi na nyavu na injini, ukishakopa kwake samaki wako bei anapanga yeye. Na hilo tajiri nalo ni la Kiarabu, huko kwao tajir ni mfanyabiashara.