Mimba ikikupelekesha, angalia mkojo wako

Mimba yangu ya pili nilitembea na kikopo. Kilikuwa kikopo cha siagi chenye kifuniko, nimekitia kwenye mfuko mweusi ndani ya mkoba. Mate yalikuwa yanajaa mdomoni muda wote, na nikiyameza tu, natapika. Siku moja kwenye daladala konda aliniambia, "Dada, shuka utapikie chini," na wala nilikuwa sijatapika bado.

Mimba ya kwanza ilikuwa kichefuchefu cha asubuhi, nikilamba ndimu kinatulia. Kwa hiyo hii nayo nikajipa moyo kwamba itapita. Wifi yangu akasema nadeka. Jirani akaniletea udongo wa kutafuna. Ulikata mate kwa nusu saa, kisha nikafunga choo siku nne. Udongo mwingine una mayai ya minyoo, na unazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Sikushauri. Zahanati ya kwanza niliyokwenda nayo ilinirudisha: "Mimba ndivyo zilivyo, mama."

Kufika wiki ya tisa hata maji hayakai tumboni. Nakwenda haja ndogo mara moja kwa siku, mkojo rangi ya chai kavu. Nikisimama, macho yanaingia giza. Dada yangu akanibeba kwa bajaji hadi hospitali nyingine. Pale kwenye mzani nilikuwa nimetoka kilo 62 hadi 56. Nesi akachovya kijiti kwenye mkojo, akaniambia una ketoni, yaani mwili umekosa chakula na umeanza kuyeyusha mafuta yake. Wakapima na malaria pia, maana si kila kutapika kwa mjamzito ni mimba. Nikawekewa dripu, vitamini B1 na dawa ya kuzuia kutapika kwenye mshipa. Jioni nikameza maji na yakakaa. Nililia.

Kwa hiyo, shoga yangu, usipime kwa uvumilivu. Ukishinda kutwa bila kitu kukaa tumboni, mkojo ukawa mweusi au haupo, uzito ukishuka, ukitapika damu au ukiwa na homa, nenda. Ukirudishwa, nenda kwingine. Na uulize waziwazi: "Naomba nipimwe ketoni." Zipo dawa za kutapika ambazo madaktari wanawapa wajawazito siku zote, ila usijinunulie mwenyewe dukani.

Nyumbani kilichonisaidia ni kijiko. Glasi ya maji ilirudi yote, lakini kijiko kimoja cha maji baridi ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kila baada ya dakika chache kilibaki. Chakula cha moto kina harufu, nikahamia viazi vitamu vilivyopoa na mkate mkavu, nakula kidogo kabla sijainuka kitandani. Kitunguu kikikaangwa nilikuwa sina hali, mume wangu akahamishia jiko la mkaa nyuma ya nyumba, akapika yeye, akaungua, akapika tena. Tangawizi inawafaa wenye kichefuchefu chepesi. Mimi koo lililochubuka kwa kutapika lilikuwa linawaka. Vidonge vya kuongeza damu vilinichefua mno, daktari akavisimamisha kwa muda na kuniachia foliki asidi. Nawe muulize wako kabla hujaacha chochote.

Na wale wa "unadeka": mwaka 2023 watafiti walieleza kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma na mtoto, ndiyo inayochangia sana kutapika huku, hasa kwa mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba. Nilimtumia wifi habari hiyo kwa WhatsApp. Alinijibu kwa kidole gumba tu.

Kutapika kulianza kupungua wiki ya 18, si kwa mkupuo. Siku niliyomaliza sahani ya wali maharage, mume wangu alikaa pembeni yangu na beseni mkononi mpaka saa nne usiku, haamini.