Maswali Yenu: Nzi Alifika Lini?

SWALI: Mwili ukiopolewa ziwani ukiwa na funza wadogo kabisa, watu huku hubisha kwamba marehemu kafa jana tu. Ni kweli? (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Si kweli. Umri wa funza hauanzi pale mtu alipokata roho, unaanza pale nzi alipotaga, na nzi hatagi chini ya maji. Mwili uliozama hukaa chini mpaka gesi za uozo zijae tumboni na kuuinua. Maji ya juu ya Ziwa Victoria yana nyuzijoto 25 hivi, kwa hiyo mara nyingi ni suala la siku chache, ila kina kirefu au kunasa kwenye nyavu na magugu maji huchelewesha. Ukishaibuka, nzi wa kijani hutua pale palipotokeza tu, mgongoni au tumboni. Mabuu wa siku moja basi wanatuambia kitu kimoja: sehemu ile imekuwa juu ya maji angalau tangu jana. Siku za chini zitafutwe kwingine, kwa mfano kwenye viganja. Ngozi iliyolowa muda mrefu huvuka nzima pamoja na kucha, kama glovu.

Na wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi msiwaingize kwenye hesabu. Hawali mizoga, wakikutwa kwenye nguo wamenasa tu.

SWALI: Tunasoma maabara. Mabuu tuliwatia kwenye spiriti wakiwa hai, wakasinyaa na kuwa weusi. Tulikosea wapi? (Wanafunzi, Mwanza)

JIBU: Hapo hapo. Spiriti hupenya ngozi ya buu polepole, na huku nyuma vimeng'enya na bakteria wa tumboni wanaendelea kumharibu. Kibaya zaidi ni kule kusinyaa: umri husomwa kwa urefu, na buu aliyejikunja ataonekana mdogo kuliko alivyo. Chemsheni maji, yaepueni, yakiacha tu kutokota watumbukizeni mabuu kwa sekunde 30. Watanyooka na kubaki weupe. Kisha wahamishieni kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, na mabuu wasizidi theluthi ya chupa. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka.

Hiyo ni nusu ya sampuli. Nusu nyingine ibaki hai, juu ya kipande cha ini, ndani ya chombo chenye pumba za mbao. Funikeni kwa kitambaa chepesi, si chandarua, maana buu mchanga hupenya matundu yake. Mabuu wa jamii mbalimbali hufanana mno. Nzi akitoka ndipo mtamtambua kwa uhakika.

Chagueni wakubwa kwanza, kwa sababu ndio waliotangulia. Halafu ondokeni kwenye mwili. Buu aliyeshiba hutambaa mita kadhaa na kujichimbia sentimita 5 hadi 10, akageuka kidonge cha kahawia mfano wa punje ya mpunga. Kwenye vilima vyetu vya mawe, inueni mawe na mchokoe nyufa. Anayeokota mwilini tu huwaacha wazee wote.

Pimeni joto la hewa kivulini, la udongo, na la katikati ya lundo la mabuu, ambalo laweza kuzidi hewa kwa nyuzi 10 na zaidi. Rudieni hewa pale pale siku 3 hadi 5, mkilinganisha na kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege. Joto la bonde la Igoma si la ufukwe wa Ilemela, uliko uwanja huo.

SWALI: Hesabu yenyewe ya umri wa buu ikoje? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Tuseme jamii fulani haikui chini ya nyuzi 10, na katika maabara yenye nyuzi 27 mabuu wake walifikia hatua ya wale mliowaokota kwa siku 4. Toa 10 kwenye 27, zidisha kwa 4: unapata 68. Eneo la tukio lina wastani wa nyuzi 23, yaani 13 kwa siku. 68 gawa kwa 13 ni siku 5 na kidogo. Aliyenakili zile siku 4 amepoteza zaidi ya siku nzima. Juu ya hapo weka vizuizi: usiku nzi hutaga kwa nadra, mvua humzuia, mlango uliofungwa humchelewesha, na siafu hubeba mayai ya kwanza. Jibu la haki ni "si chini ya siku 5", kamwe si "siku 5".

SWALI: Wadudu wanaotoboa kayabo (sangara wa chumvi aliyekaushwa) ghalani, ni wale wale wa maiti? (Mfanyabiashara, Kirumba)

JIBU: Ni ukoo mmoja, Dermestes. Hufuata nyama iliyokauka, iwe ya sangara au ya maiti aliyekwisha kuachwa na nzi. Haina maana kwamba wametoka makaburini. Samaki akaushwe barabara, chumvi isipunjwe.