Kabla hujafungua pampu, sikiliza solenoidi

Juzi asubuhi nimefika gereji nikakuta pampu ya dizeli ya 1HZ, ile injini ya Land Cruiser, iko mezani, imeshafunguliwa, na kijana wetu anaeleza kwa kujiamini kabisa: "Gari inazima njiani, mzee. Nimeitoa ikapimwe." Nikamuuliza swali moja tu: ulipowasha swichi, solenoidi ya pampu, ile valvu ya umeme inayofungua njia ya mafuta, iligonga? Akaangalia chini. Wadogo zangu, nawapenda, na mikono yenu ni myepesi kuliko yangu. Ndiyo maana naandika kabla hasira haijapoa.

1. Osha kwanza, tafuta baadaye. Dizeli haikauki kama petroli. Inatambaa kwenye bloku, inashika vumbi, na palipo na tope jeusi mara nyingi sipo ilipotokea; imeanzia juu. Osha, kausha, nyunyiza poda ya mtoto, acha injini ingurume dakika kumi, kisha fuata mstari uliolowa ukipanda nao. Anza na riteni, mipira inayorudisha mafuta tangini, halafu banjo za pampu, zile bolti zenye tundu zinazopitisha mafuta. Na washa za shaba, zile pete za kuziba kwenye banjo, zikishafunguliwa hazirudiwi. Hazirudiwi! Mtaona huko chini kwa nini napiga kelele.

2. Kuna mvujo usiodondosha hata tone. Toka tangi hadi pampu mafuta yanavutwa, kwa hiyo injini ikinguruma, penye ufa hewa ndiyo inayoingia. Gari ikilala, mafuta yanarudi tangini, na asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu utaona mapovu, na usisahau kukagua pampu ya mkono juu ya filta.

3. Kwenye komoni reli, dizeli za kisasa zenye presha kubwa, usipitishe kidole kutafuta mvujo, tumia kipande cha boksi. Presha inapita baa 1000. Inatoboa ngozi, kidonda kinaonekana kama cha sindano kumbe dizeli imeshasambaa ndani, na huyo ni mtu wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata akisema haumwi.

4. Waya upimwe ukiwa kazini. Hapa nina deni, na nitalieleza lote.

Nilikuwa na miaka minne kwenye ufundi, Arusha, nikiamini nimeiva. Bosi mmoja wa utalii alikuwa na Land Cruiser moja tu, 1HZ, na ndiyo iliyolisha nyumba yake. Mwezi wa saba, msimu umepamba moto, gari ikaanza kuzima kwenye vumbi na mawimbi ya barabara kati ya Ngorongoro na Naabi, lango la Serengeti. Inakata ghafla, inakaa, inawaka, inakata tena. Nikasema ni hewa. Nikabadilisha filta. Nikabadilisha mipira yote. Ikazima. Nikatoa pampu, ikaenda kupimwa, ikarudi, nikaseti taimingi. Ikazima tena, wageni wanne ndani, saa mbili juani, na dereva ananipigia simu kwa sauti ya upole ambayo iliniumiza kuliko matusi. Nikatoa pampu mara ya pili. Bosi alilipa, na baadaye nilikuja kujua ilikuwa ada ya shule ya mwanawe.

Si kwamba sikupima umeme. Nilipima! Nilichomoa waya wa solenoidi, nikaweka mita, ikasoma 12.4, nikatangaza umeme upo. Fundi umeme mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: rudisha waya mahali pake, upime ukiwa umefungwa, na uutikise. Nikafanya. Mita ikasoma 5. Nikatikisa, ikasoma sifuri. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda, zimebaki nyuzi mbili tatu. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata uzi mmoja unaisomea volti zote. Solenoidi inavuta, na nyuzi zile hazikuiweza. Ikikosa umeme inafunga njia ya mafuta, injini inakufa, na dalili zake zinafanana kabisa na za hewa.

Nikauliza waya ulikatikaje. Mwezi wa tano mimi mwenyewe nilifungua banjo iliyo juu yake na kurudisha washa za zamani. Dizeli ikadondoka wiki baada ya wiki, ganda likalainika, klipu ikaachia, waya ukabaki ukicheza kwa mtikisiko. Nilimweleza bosi yote. Hela ya ufundi nilimrudishia kwa miezi mitatu. Ya kupima pampu sikuiweza. Alipokea, akashukuru kwa adabu, na hakuleta gari tena.

5. Ukiwa na shaka, vuta waya wa muda kutoka betri hadi solenoidi: gari ikitembea bila kuzima, acha pampu ilipo. Ethi, yaani njia ya hasi, pima wakati stata inapigwa, hasi ya betri kwa bloku. Ikipita nusu volti, safisha. Alteneta ikilowa dizeli, zuia mvujo kabla hujanunua nyingine.

Pampu ya juzi tumeirudisha jana, na washa mpya. Kijana amevuta waya mpya mwenyewe, akaufunga mbali na banjo. Akawasha swichi. Tak. Alitaka kupiga stata, nikamwomba azime, awashe tena, nikiwa nimeinamia pampu.