Dawa zako bado ziko kwenye droo?

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimeandikiwa dawa za wasiwasi. Wiki mbili sasa ziko kwenye droo, naogopa." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Zangu zilikaa siku 19.

Wasiwasi nimeishi nao miaka 11. Simu ikiita, tumbo linanikata. Bosi akiandika "tuonane kesho", silali. Nilijua ndivyo nilivyoumbwa.

Nilianza na setralini, ndiyo dawa yangu ya wasiwasi, nusu kidonge, miligramu 25. Nilikikata kwa kisu juu ya gazeti, nusu moja ikarukia chini ya friji, nikaona ni ishara. (Ishara ya kisu butu, basi.) Wiki ya kwanza nilipata kichefuchefu, usingizi ukawa unakatika saa tisa usiku, na wasiwasi wenyewe ukapanda badala ya kushuka. Daktari alishanionya kwamba nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa, ila nani anasikiliza akiwa anatetemeka? Siku ya tano nilimpigia. Akanihamishia dozi asubuhi, baada ya kula. Nikavumilia.

Kwa hiyo mpigie daktari wako, usijiamulie. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje tarehe ya kliniki, tafuta msaada saa hiyo hiyo.

Mwezi wa tatu wa kumeza dawa nikajiona mzima, nikaacha ghafla. Kosa! Siku mbili baadaye kizunguzungu, na kichwani kama napigwa shoti ya umeme. Nimesema usijiamulie, mimi nilijiamulia. Dawa hizi hupunguzwa polepole, daktari akijua.

Ndugu yangu mmoja aliziita "dawa za vichaa", mbele za watu. Bado inaniuma. Wenye presha wanameza vidonge kila siku, mbona hamwaiti majina? Acheni hizo.

Hata hivyo, kidonge hakikunifundisha kupokea simu. Hilo nimelipata kwa mnasihi. Alinitaka niandike kabla ya simu ninachokiogopa, niupe wasiwasi alama kati ya 0 na 10, kisha nipige, halafu niandike kilichotokea kweli. Daftari limejaa "atanifokea", na chini yake "aliuliza kama nimeshafika".

Jana iliita namba ngeni. Nikaipa 6, nikapokea. Mtu alikuwa amekosea namba, na tukaagana vizuri.