Mdogo wangu, kabla hujalipia kozi nyingine

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nachingwea kaniandikia WhatsApp: "Shikamoo dada. Nimemaliza shahada ya takwimu, nina vyeti vya Python na Power BI. Kuna kozi nyingine ya laki nne, wanasema ukimaliza unaajirika Benki ya Dunia. Nilipie?"

Marahaba. Usilipie.

Ningeweza kuishia hapo. Ila ujumbe wa namna hii umekuwa mwingi tangu watu wajue kwamba binti wa Tandahimba anachambua data za taasisi ya fedha ya kimataifa, tena akiwa amekaa zake Shangani, Mtwara mjini, na mkataba wake umeongezwa juzi tu. (Taasisi siitaji. Hii ya sasa mkataba haunipi ruhusa, na ile ya kwanza nina maneno nayo, mtayaona.) Basi naeleza mara moja kwa kirefu, anayekuja kesho nimwelekeze hapa.

Kwanza kazi yenyewe. Shangazi yangu mpaka leo anaamini nakaa kaunta nahesabu noti. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zilitokana na mkutano wa Bretton Woods, Marekani, Julai 1944, na makao yao yako Washington. Benki ya Maendeleo ya Afrika iko Abidjan. Wateja wao wakubwa ni serikali, na anayeikopesha serikali anataka kujua watu wa nchi hiyo wanakula nini, umeme umewafikia au la, mazao wameuza bei gani. Majibu hayo hutoka kwenye dodoso, na dodoso zikishajazwa ndipo mimi naitwa. Nakuta bibi mwenye miaka 999, kwa kuwa mdadisi aliingiza msimbo wa "hajui". Nakuta baba aliyezidiwa umri na mwanawe. Kusafisha majedwali hayo ndiyo siku yangu karibu yote, na zile grafu za rangi mnazoziona kwenye ripoti huja mwishoni kabisa. Miaka ya kujifunza Stata, programu ya takwimu, naiacha, haina hadithi: unaandika amri, inagoma, unaandika tena.

Hadithi iko kwenye korosho.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa muda mfupi, timu imetawanyika nchi mbalimbali, tunakutana kwenye vikao vya video. Tulikuwa na data za kaya za wakulima, zikiwemo za huku kusini. Kwenye safu ya bei ya korosho ghafi, kaya nyingi zilikuwa jirani na bei za mnada, kama inavyotarajiwa chini ya stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka AMCOS (chama cha ushirika cha msingi), chama kikuu cha ushirika kinapeleka mnadani, bei inatangazwa hadharani. Lakini chini kabisa kulikuwa na kikundi kidogo cha kaya zilizouza kwa bei ya kusikitisha. Kiongozi wa timu, msomi wa kweli simnyimi haki yake, akasema ni makosa ya uandishi, zifutwe tuendelee.

Mtu wa Tandahimba, Newala, Ruangwa au Liwale hahitaji shahada kuzijua bei zile. Ni kangomba. Mnunuzi anapita kabla ya msimu, mikorosho ndiyo kwanza inachanua, salfa ya kupulizia mikorosho imekopwa, kuna msiba au mtoto anatakiwa shule. Mkulima anapokea fedha leo, atalipa korosho zikianguka. Na halipi kwa mzani, analipa kwa bakuli. Mnunuzi analiita kilo. Mdadisi naye, dodoso lake likimtaka kilo, anaandika kilo.

Niliinua mkono, kikao kikanyamaza. Nikaambiwa nilete ushahidi, jambo ambalo ni haki kabisa. Nikampigia mjomba simu, akatafuta bakuli, akalijaza na kupima kwenye mzani wa AMCOS: lilizidi kilo, na si kidogo. Maana yake bei halisi ilikuwa ndogo hata kuliko ile waliyotaka kuifuta. Nikarudi kwenye data nikatazama mwezi ambao fedha ilipokelewa. Zile kaya za bei ya chini zilikuwa zimelundikana kwenye miezi ya kabla ya Oktoba, na nyingi ziliripoti ugonjwa au msiba mwaka huohuo. Kosa la uandishi halichagui miezi namna hiyo.

Kuna jingine nililowaeleza. Kangomba ni haramu. Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba mzigo, wakulima walihakikiwa kwanza, ukubwa wa mashamba yao ulinganishwe na korosho walizoleta, ili wenye korosho za kangomba wajulikane. Tangu hapo nani atamweleza mgeni mwenye kishikwambi kwamba aliuza kwa bakuli? Wale wachache waliosema ukweli kwenye dodoso ndio sisi tulikuwa tunataka kuwafuta.

Hazikufutwa. Ripoti ilipotoka ilikuwa na ukurasa mzima wa mauzo ya kabla ya msimu, na nikasikia ndio uliozungumzwa sana mkutanoni. Jina langu halikuwemo. Kwenye shukrani waliandika "timu ya data". Nimeshaambiwa na watu wazima kwamba ndivyo mambo yalivyo, mshauri wa muda mfupi analipwa anaondoka. Nimesikia. Bado inaniuma, na nikikutana na ukurasa ule umenukuliwa mahali huwa nauruka.

Sasa nikirudi kwa mdogo wangu. Anayekuuzia kozi ya laki nne anakuuzia amri za programu, na amri hizo zimejaa mtandaoni bure. R ni ya bure. Python ni ya bure. Hata Survey Solutions, mfumo wa Benki ya Dunia wa kukusanyia data kwa kishikwambi, ni bure. Kitu ambacho hutauziwa ni mazoea ya kuuliza namba imetoka wapi: nani aliulizwa, aliulizwa na nani, kwa kipimo gani, alikuwa na sababu ya kuficha?

Chukua data za NPS, ule utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu unaorudi kwa kaya zilezile. Awamu ya kwanza ilikuwa 2008/09, kaya 3,265, na data zake unajisajili tu kwenye maktaba ya Benki ya Dunia unazipakua. Usianze na grafu. Anza na dodoso, lisome ukurasa kwa ukurasa kama vile wewe ndiye uliyekaa mkekani unaulizwa. Kisha tumia uzani wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi nchini. Nakutana na vijana wana vyeti ukutani lakini wanapiga wastani wa nchi bila uzani, kana kwamba kila kaya kwenye sampuli inawakilisha idadi sawa ya kaya nchini. Mtu wa usaili akiliona hilo amemalizana na wewe.

Au tazama mstari wa umaskini. Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3.00, na nikaona watu wanatangaza kwamba maskini wameongezeka usiku mmoja. Ule wa 2.15 ulihesabiwa kwa bei za 2017, huu mpya ni kwa bei za 2021, na dola inayosemwa hapo si ile ya duka la kubadilishia fedha, imerekebishwa kwa kile inachoweza kununua katika kila nchi. Tanzania nayo ina mstari wake: utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulitumia shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, na asilimia 26.4 ya watu wakawa chini yake. Mistari miwili, majibu mawili, na yote ni sahihi kwa swali lake. Ukiweza kumweleza hilo mjumbe wa bodi ya AMCOS akakuelewa, usaili wa Washington hautakutisha.

Sisi watu wa kusini tumezoea kuandikwa na wengine. Anakuja mtu kwa ndege asubuhi, jioni anajua kila kitu kuhusu korosho, na sisi tuliokulia chini ya mikorosho tunaona haya kusema kwa sababu Kiingereza kinatuchengesha. Acheni hiyo! Ulichokiona nyumbani kwenu ni ujuzi, ila uufanyie kazi, upime hilo bakuli, usiseme tu "huku kwetu tunajua".

Mwisho ni mikataba, maana hili hawawaambii. Wengi wetu hatuna ajira ya kudumu. Benki ya Dunia, kwa mfano, mshauri wa muda mfupi haruhusiwi kuzidi siku 150 katika mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1. Hakuna siku, hakuna malipo. Bima ya afya unajilipia, akiba ya uzeeni unajiwekea, na kati ya mkataba na mkataba kuna miezi ambayo majirani watakuona saa nne asubuhi uko barazani, wakuulize kama umefukuzwa. Mimi barua zangu huzituma Mei, wakati bajeti za mwaka mpya zinapangwa: ukurasa mmoja, pamoja na kiungo cha kazi moja niliyoifanya kwa data za wazi. Wasifu wa kurasa saba waachie wanaogombea ubunge.