Jibu: Mbona kila mtu ananiambia "mkali" tu?
Kaka, umeuliza kwa nini kila unayemtumia wimbo uliorekodi nyumbani anakujibu "mkali", basi. Swali lako, "mnauonaje?", ni pana mno. Uliza jambo moja: maneno ya ubeti wa pili yanasikika?

Nimeusikiliza kwa hedifoni, kisha kwenye redio ya bajaji ya jirani hapa Ngamiani, Tanga. Gitaa na besi vinagombania nafasi kati ya hezi 200 na 400 (hezi ni kipimo cha uzito au wembamba wa sauti), sauti yako inazama. Na ni sauti nzuri, inaniuma! Punguza gitaa hapo desibeli 2 au 3 (kipimo cha nguvu ya sauti) kabla ya kuongeza chochote.

Watu watatu wakilalamikia sehemu ileile, usijitetee. Isikilize tena kesho yake, masikio yakiwa yamepumzika.