Ukifika Kizingo kwenye gemu, usikimbie

Kama wewe ni mtu wa Mombasa na hujacheza Halo 3: ODST, itafute uicheze. Iliundwa na kampuni ya Bungie ya Marekani, ikatoka Septemba 2009 kwa Xbox 360, na tangu 2020 inachezeka kwenye kompyuta pia, ndani ya mkusanyo wa Halo: The Master Chief Collection. Huku kwetu wengi tumekua na PlayStation na FIFA, kwa hivyo gemu hii imewapita vijana wengi. Nayo karibu yote inachezwa ndani ya mji uitwao New Mombasa, mwaka 2552, mji umeshavamiwa na majeshi ya kutoka sayari nyingine. Halo 2 ya mwaka 2004 ilikuwa imeshapitia hapa, lakini kwa mbio: unatoka vichochoroni, unavuka daraja refu na kifaru, basi, umeshaondoka. ODST inakuacha ukae mjini.

Ndani yake wewe ni ODST, yaani askari wa kuangushwa kutoka angani, mgeni kikosini ambaye hata jina hapewi. Umeangushwa kutoka angani ndani ya chombo chako, ukapoteza fahamu, na unapozinduka baada ya masaa sita ni usiku, mvua inanyesha, wenzako hawaonekani. Unazunguka mitaani ukitafuta walichokiacha. Kila unapookota kitu, unarudishwa mchana wa siku hiyo na kucheza yaliyompata mmoja wao.

Sehemu moja kati ya hizo inaitwa Kizingo Boulevard. Nilikuwa nyumbani kwa khalti yangu, Kibokoni, nacheza kwenye mashine ya mwanawe. Jina lilipotokea kwenye skrini, mjomba, ambaye alikuwa anapita tu kwenda kufunga mlango wa nje, akalisoma kwa sauti kisha akasimama.

"Kizingo gani hiyo isiyo na mbuyu hata mmoja?"

Nikamwambia, "Mjomba, hii ni ya huko mbele, miaka zaidi ya mia tano."

"Hata ikiwa. Mbuyu miaka mia tano unaimaliza umesimama."

Akaketi. Nikamaliza ile vita ya vifaru, gemu ikanirudisha usiku, mvuani. Hapo nilifanya jambo ambalo nakuomba na wewe ulifanye: niliacha kwenda mbele. Nikamtembeza mjomba mitaa. Aliniuliza kona hii inatokea wapi, feri iko upande gani, Mwembe Tayari imebaki au imevunjwa (ipo sehemu inaitwa Tayari Plaza, nikampeleka kwa maneno). Saksafoni ikaanza, polepole, juu ya mvua. Martin O'Donnell na Michael Salvatori, waliotunga muziki wa gemu hii, waliweka kando ngoma za vita na kwaya tulizozizoea kwenye Halo, wakampa huyu askari saksafoni na piano. Hatukusema neno kwa muda. Nimeshinda fainali nyingi za FIFA na vijana wa mtaani, na sikumbuki hata moja kama ninavyoukumbuka usiku ule.

Nimefikiri sana kwa nini, na naamini jibu liko kwenye namna gemu ilivyoundwa. Master Chief, shujaa wa Halo tatu za mwanzo, ana ngao inayojijaza yenyewe na kifaa cha kumwonyesha adui aliye karibu. Askari wa ODST hana hivyo vyote viwili. Akiumia vibaya, lazima atafute sanduku la dawa ukutani. Bunduki yake ina kizuia sauti. Kofia yake ukiiwasha inachora kingo za vitu gizani: adui mistari myekundu, mwenzako kijani. Kwa hivyo unatembea ukisikiliza, na mtu anayesikiliza huuona mji.

Basi, cheza hivi. Chagua kiwango chepesi kwa mara ya kwanza, usione haya. Ukifa kila mara, mji wote utakuwa maadui tu. Vaa hedifoni au washa spika nzuri, na ucheze usiku. Ukishamaliza kumbukumbu ya kwanza, fungua ramani, uchague mwenyewe utakakokwenda, na ule mshale usiufanye bwana wako. Maadui wengine unaweza kuwazunguka kabisa, hakuna anayekulazimisha kupigana nao.

Ukisikia simu ya mtaani inalia, ifuate hata kama ni mbali. Mji huu unaendeshwa na akili bandia iitwayo Superintendent: inawasha ishara za barabarani, inafungua milango, inalia kupitia simu ili ikuite. Ndani yake mna rekodi 30 za msichana aitwaye Sadie, anayemtafuta baba yake siku ya uvamizi. Mtu akizipita rekodi hizi kwa haraka ya kumaliza gemu, kwangu mimi hajaicheza. Ndizo zinazokuonyesha kwamba mitaa hii mitupu ilikuwa na watu asubuhi ile, wenye kugombea treni, wenye kupanga foleni, wenye kusaidiana na wenye roho mbaya.

Na la muhimu kuliko yote, keti na mtu asiyecheza. Mama, babu, dada, yeyote. Mazungumzo ni ya Kiingereza, kwa hivyo mfasirie yale anayoyakosa, na umwache aulize maswali yake bila kumharakisha. Mchezaji mwenzako atakwambia ufyatue wapi. Mjomba aliniuliza maji ya bahari yametoka wapi mpaka yakafika barabarani tulipofika Kikowani Station, kwenye mapambano ya ndege juu ya mitaa iliyofurika, na swali lile lilinifanya niangalie chini ambako nisingeangalia.

Kwa wale wa vyumba vya gemu vya kulipia: usilipie mechi, lipia saa nzima au mbili, na umwombe mwenye duka kiti cha pembeni, mbali na wanaoshangilia mpira, la sivyo saksafoni hutaisikia. Mjomba hakuwahi kushika pedi hata siku moja, lakini alikataa twende kwenye misheni ya mwisho kabla rekodi za Sadie hazijapatikana zote, na tukazitafuta.